Vihisi vya Shambani Dodoma: Ufunguo Uishie Langoni au Ufike Hadi Seva?

Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, Desemba hadi Aprili, na kwa miaka mingi mji umetegemea visima vya Makutupora. Kihisi kinachopima kina cha maji kisimani au unyevu wa udongo kwenye mizabibu ya Hombolo kina kazi ya kweli huku. Mafundi wanagawanyika pale data inapotoka shambani kwenda intaneti: ibaki imesimbwa, yaani isisomeke bila ufunguo, hadi kwenye seva (kompyuta inayoipokea), au ifunguliwe kwanza langoni, yaani kwenye kile kifaa chenye laini ya simu kinachokusanya ujumbe wa vihisi vyote?

Wanaotetea lango wana hoja nzito. Redio za nguvu ndogo za kiwango cha IEEE 802.15.4 hubeba fremu (kifurushi kimoja cha data) ya baiti 127 tu, ilhali IPv6, itifaki ya intaneti, inataka njia inayopitisha pakiti ya baiti 1,280. Kihisi kikilazimika kutambuana na seva kwa DTLS, itifaki ya kulinda mawasiliano, tena kwa vyeti vya kidijitali, ujumbe wa kutambuana unakatwa vipande vingi. Kimoja kikipotea hewani, pakiti nzima inatumwa upya. Hesabu za usimbaji hazili betri sana, kwani chipu nyingi za redio hufanya zenyewe AES ya biti 128, njia ya kawaida ya usimbaji. Kinachomaliza betri ni kurusha na kusikiliza. Lango lina paneli ya sola, basi libebe mzigo.

Lakini lango hilohilo ndilo analolitafuta mhalifu. Limefungwa juu ya mnara wa tangi, programu yake haijasasishwa tangu fundi aondoke, na nywila pengine ni ile ya kiwandani. Mwaka 2016 programu hasidi iitwayo Mirai iliteka malaki ya kamera na ruta kwa nywila za aina hiyo.

Kwa maoni yangu, mjadala huu umeegemea mno kwenye usiri. Nani ahangaike kuiba unyevu wa udongo wa Hombolo? Hatari iko kwenye amri zinazorudi shambani, kama ya kuwasha pampu au kufungua valvu. Mtu asiyejua ufunguo wowote anaweza kunasa ujumbe wa kuwasha pampu leo na kuurusha tena usiku wa manane, na usimbaji peke yake haumzuii. Inatakiwa namba ya mfululizo, na mpokeaji akatae iliyokwishapita. OSCORE, kanuni ya kulinda ujumbe wenyewe hadi mwisho wa safari, iliyotoka 2019 kama waraka wa viwango vya intaneti RFC 8613, inafanya hivyo kwa kuongeza baiti chache, na lango linapitisha ujumbe bila kuufungua.

Kwa vipimo vitupu, basi, lango linatosha, mradi lina mtu wa kulisasisha. Kinachofungua valvu kilindwe hadi mwisho, betri iishe inavyoisha. Ila OSCORE inataka funguo zipangwe mapema, na hapo uvivu huingia: vihisi vyote vinapewa ufunguo mmoja, kisha kimoja kikichomolewa shambani, vyote vimekwenda. Muuzaji akishindwa kukuonyesha jinsi ya kubadili ufunguo wa kihisi kimoja bila kugusa vingine, nunua vihisi vya kupima ukitaka, ila pampu usiiunganishe.