Ile ni chokoleti

Wale mlioniandikia tangu juzi mkiniuliza kama tumbo limetulia, asanteni kwa upendo. Tumbo langu halina tatizo. Narudia kwa wale mliokaa nyuma: tumbo langu ni zima, lilikuwa zima siku ile, na mlichokiona kwenye ile video ya sekunde 19 ni chokoleti. Chokoleti na theluji. Swahiba wangu aliyerekodi kakata mwanzo wote wa habari, kabakisha makalio yangu tu, halafu kaandika juu yake kwamba nimejiharishia, na mama yangu kayasoma. Basi kaeni niwape habari kamili, mkitaka kucheka mcheke mkiwa na ukweli.

Dada yangu na shemeji wanaishi nchi ya baridi, kule ambako Desemba mtu anaamka anachukua koleo kwanza ndipo apate njia ya kutoka mlangoni. Mwaka huu wakasema wamechoka kuvaa makoti matatu matatu, wanakuja kula sikukuu huku kwenye jua na bahari. Wakaja. Siku ya pili tu shemeji alikuwa ameshababuka mabega, anatembea kama mtu aliyebana mayai kwapani, na bado anacheka peke yake kwa furaha. Tatizo likawa wapwa zangu wawili, mmoja miaka saba, mwingine mitano. Huyu wa mitano alisimama dirishani, feni inampuliza kisogo, akatazama mtaa mzima unavyometameta kwa joto, kisha akaniuliza kwa huzuni ya mtu mzima: "Mjomba, sasa Baba Krismasi atapita wapi? Hakuna theluji. Atakwama."

Mtu mwenye akili angesema atakuja kwa pikipiki. Mimi nikasema, "Theluji ipo. Mjomba anajua inakouzwa."

Na kweli inauzwa. Kuna unga mweupe, ukiuona utadhani chumvi laini. Unaumwagia maji, unafumuka hapo hapo mbele ya macho yako, unakuwa kitu cheupe chepesi kama theluji. Kijiko kinajaza bakuli. Jina lake la kitaalamu ni sodiamu poliakrileti, na kama umewahi kulea mtoto basi mnafahamiana: ni jamii ya ile kitu inayokaa ndani ya nepi za kutupa na kunywa mkojo usiku kucha bila kulalamika. Kazi yake duniani ni moja, kuyaona maji na kuyameza, mara mia kadhaa ya uzito wake. Hilo lishikeni vizuri. Mimi nililisoma kwenye pakiti, nikaguna, nikalisahau.

Nguo za Baba Krismasi nikakodi. Suruali nyekundu, koti lenye manyoya shingoni na mikononi, mkanda mpana, kofia, buti, na ndevu za kubandika kwa gundi. Kitambaa poliesta tupu, hakipitishi hewa hata ukikiomba. Kitambi sina, kwa hiyo nikafunga mto wa kulalia tumboni kwa shuka. Gunia lilikuwa limejaa zawadi mpaka mdomoni, chokoleti nikazitia mfuko wa nyuma wa suruali. Pakiti mbili za unga nikazichomeka kiunoni, moja kulia, moja kushoto, kati ya mto na suruali, ili wakati ukifika nizichomoe kwa ghafla kama mganga, nimwage kwenye beseni la maji juu ya paa, theluji ifumuke, watoto wapige kelele, mjomba niingie kwenye historia ya familia.

Swahiba aliniuliza, "Kwa nini usiziache kando ya beseni?"

Nikamjibu hajui sanaa. Ndiyo, nilisema hivyo. Yeye hilo hakulirekodi.

(Kabla sijaendelea. Jana nikiwa nimelala na aibu zangu nilisoma habari za huyu mzee. Mtakatifu Nikolao, ambaye hadithi yote inaanzia kwake, alikuwa askofu wa Myra katika karne ya 4, kwenye pwani ya Mediterania, Uturuki ya leo. Mtu wa pwani! Ningetokea na kanzu nyepesi na ndala ningekuwa nimemwakilisha vizuri kuliko hivi. Haya manyoya alivikwa na wachoraji baadaye sana. Kuna mmoja wa Marekani, Thomas Nast, alimchora mwaka 1881 amenona, ana ndevu tele na kiko mkononi, na tangu hapo mzee wa watu hajakonda wala hajapunguza nguo. Nayajua haya yote sasa, wakati hayanisaidii kitu.)

Saa tisa alasiri nikaanza safari ya paani. Lifti mbovu. Ghorofa sita kwa ngazi, na buti, na mto, na gunia. Nilipofika ya nne nikainama kufunga kamba ya buti, nikasikia kiunoni upande wa kushoto *prrr*, kama kifuko cha plastiki kinachofunguka. Halafu kitu kikavu kama mchanga kikaanza kushuka pajani taratibu. Nikajisemea, nitalishughulikia hili nikishuka.

Wataalamu mtauliza, na jasho lote lile, mbona unga haukuvimba? Swali zuri. Unga huu ukikutana na chumvi hamu yake ya kula inapungua sana, na jasho lina chumvi. Kwa hiyo ulinivumilia. Ulitulia pale pajani, umelowana kidogo, kimya, unasubiri maji ya maana.

Paani watoto walipiga kelele mpaka nikasahau miguu. Nikakaa kwenye kiti, wapwa mmoja goti hili, mmoja goti lile, wamenikalia na uzito wao wote. Chokoleti inayeyuka kwenye nyuzi 34 hivi. Mwili wa binadamu mzima ni nyuzi 37, na mimi wakati ule sikuwa mzima. Hesabu malizieni wenyewe.

Nikaanza, "Ho ho ho." La kwanza lilitoka vizuri. La pili lilikatika njiani. La tatu ilikuwa pumzi tu. Hewa ya pwani mnaijua, ina unyevu wake, jasho likitoka halikauki, linabaki nawe kama mgeni asiyejua kuaga. Likaifikia gundi. Sharubu za kushoto zikaachia, zikaniingia mdomoni, nikawa naongea huku natema manyoya. Yule wa miaka saba akanitazama kwa makini usoni, halafu akawatangazia wote: "Anahema kama mbwa."

Nikaona hapa nisipoileta theluji nitajulikana. Nikasimama.

Jamani.

Nilisimama haraka. Paa likainama upande wa bahari, likarudi, likainama tena. Nikaona nyota, na jua liko pale pale linawaka. Nikachuchumaa nisianguke. Nikasikia dada anapiga ukelele, "Anazimia!", na buti za mtu zinakimbia. Sio buti, ndala. Za shemeji.

Shemeji huko kazini kwao alipewa mafunzo ya huduma ya kwanza. Anajua kwamba aliyezidiwa na joto unamlegezea nguo na kumpoza kwa maji, haraka, bila kuuliza. Ushauri ni sahihi kabisa, sina ugomvi nao. Akanifungua vifungo viwili vya koti shingoni. Akageuka kutafuta maji. Maji yalikuwepo. Beseni zima, la theluji yangu, na dada kwa huruma zake alikuwa ameyatia barafu. Akalibeba, akaliinamisha, akanimwagia lote shingoni, kwa ndani.

Sekunde ya kwanza nilikuwa peponi. Sitanii. Maji yalishuka mgongoni, yakazunguka tumboni, nikatoa "aaah" ambayo paa zima liliisikia na ambayo ndiyo iliyozaa uvumi wote huu.

Sekunde ya pili, paja la kushoto likashikwa. Sijui niwaelezeje. Kama mtu kakupa mkono, lakini kakupa pajani. Nikafungua macho.

Sekunde ya tatu nikakumbuka pakiti. Nikakumbuka na maandishi ya kwenye pakiti.

Nikatazama chini, na mguu wa suruali wa kushoto ulikuwa unanenepa. Mbele ya macho yangu. Polepole, kwa heshima, kama chapati inayovimba kwenye kikaango, isipokuwa hii haikuwa na mpango wa kutulia. Mto nao ulikuwa umekunywa maji ukawa mzito kama mtoto aliyelala, ukaachia kwenye shuka, ukateremka, ukaikandamiza pakiti ya kulia. *Prrr.* Sasa ikawa miguu yote miwili. Huku juu mimi mtu wa kawaida, huku chini tembo. Kifungo cha suruali kikasalimu amri, kikaruka, nikakisikia kikidunda sakafuni: ti, ti, ti. Mkanda ukabaki peke yake unapigania heshima ya ukoo mzima. Halafu kwenye pindo za suruali, juu ya buti, kikaanza kuchungulia kitu cheupe, chenye ubaridi, kinachotetemeka. Kikafurika kama uji uliosahauliwa jikoni. *Pwaa.* Bonge moja likadondoka. Likafuata jingine.

Watu wazima kumi na wawili paani na hakuna aliyepumua.

Nikafanya kile ambacho mwili wa binadamu hufanya ukiona aibu: nikawageuzia mgongo. Nilikuwa nimesahau kabisa mfuko wa nyuma. Kumbe wapwa zangu walipokuwa magotini kule chini kulikuwa kunasagwa, na chokoleti imetoka mfukoni, imetambaa, imesambaa pande zote mbili kwa usawa ambao hata ningekusudia nisingeupata. Kitambaa chekundu, doa la kahawia, halafu vitu vyeupe vinadondoka miguuni. Hiyo ndiyo picha. Hapo ndipo video inapoanza, mtaona simu inatetemeka, ni yeye anacheka. Swahiba! Niliyekukopesha chaja!

Sauti ndogo ikasema, kwa kunong'ona lakini ikafika kila kona: "Mama. Baba Krismasi anayeyuka."

Nikakimbia. Hatua ya tatu mkanda ukakata tamaa na suruali ikabaki nyuma yangu imesimama yenyewe, wima, imejaa, kama mtu mwingine. Bukta ilikuwa ile ya nyumbani, lastiki imelegea, ina tundu. Hilo kwenye video halionekani vizuri na nawaomba msiikuze picha.

Yaliyobaki hayana maana. Nilishuka ghorofa sita. Nikapishana na jirani kwenye ngazi, akasema "heri ya sikukuu" huku anatazama ukuta. Nikaingia bafuni nikafungulia maji, na hapo ndipo swahiba akabisha hodi kuniambia nisije nikafungulia maji. Shemeji akasoma kwenye simu kwamba dawa yake ni chumvi, ukiutia chumvi unalegea unatapika maji yote uliyokunywa, basi nikasuguliwa chumvi kutoka kiunoni hadi nyayo kama samaki anayetayarishwa kuanikwa. Inafanya kazi. Inawasha pia. Mwenye nguo kakataa kunirudishia amana yangu, kainusa ile suruali, nikamwambia ni chokoleti, akaniambia kila mtu husema hivyo.

Baadaye nikavaa fulana nikapanda tena paani kama mjomba wa kawaida. Wapwa wakanikimbilia: "Mjomba, ulikuwa wapi? Umekosa kila kitu!" Nikasema nilikwenda kununua chumvi. Walikuwa wamejenga mtu wa theluji, mfupi, kichwa kimeinama kidogo, kwa vitu vyote vilivyotoka kwenye suruali yangu. Dada alikuwa amekaa pembeni anawatazama, hakusema neno. Watoto walikuwa na furaha kiasi kwamba na mimi nikampigapiga mgongoni yule mtu wao, na mkono nikaunawa vizuri sana baadaye.

Leo asubuhi nimefungua friza natafuta barafu. Kando ya trei kuna kifuko cha plastiki kimefungwa fundo mara tatu, na ndani yake ndevu. Zangu. Zina gundi bado, na kipande kidogo cha chokoleti ambacho sijui kilifikaje huko. Nikanyoosha mkono nizitoe, nikasikia miguu midogo nyuma yangu.

"Mjomba, usimguse. Bado hajaganda."