Furu wa Ziwa Victoria: vinasaba vinajua ukoo kuliko vinavyojua tarehe

Ziwa Victoria, ambalo kwa eneo ndilo kubwa kuliko yote barani Afrika, liliwahi kukauka. Mirija ya mashapo, yaani nguzo za matope yaliyotuama, iliyochimbwa kutoka sakafu yake, na kuelezwa katika makala ya mwaka 1996, ilionyesha tabaka la udongo uliokauka chini ya matope laini ya leo, na makadirio yaliyoboreshwa baadaye yanaweka kurudi kwa maji takriban miaka 15,000 iliyopita. Ndani ya maji hayo wanaishi, au waliishi hadi sangara aliyepandikizwa katika miaka ya 1950 alipowamaliza wengi wao, furu, yaani samaki wa jamii ya cichlid, wa spishi zinazokadiriwa kufika 500, karibu zote zikiwa hazipatikani mahali pengine popote duniani. Ikiwa zote zilitokea baada ya ziwa kujaa upya, ni vigumu kutaja kundi jingine la wanyama wenye uti wa mgongo lililogawanyika kwa kasi ya namna hiyo. Teknolojia za kusoma vinasaba zimeulizwa swali hili kwa zaidi ya miaka 30, na zimetoa majibu matatu yasiyofanana.

Jibu la kwanza lilichapishwa mwaka 1990 na Axel Meyer na wenzake, wakitegemea njia ambayo Frederick Sanger na kundi lake waliitangaza mwaka 1977. Katika njia hiyo, uzi wa DNA hunakiliwa kwa msaada wa kimeng'enya, lakini miongoni mwa herufi (viungo vinne vya kikemikali vinavyounda DNA) zinazotumika kunakili huchanganywa chache zilizobadilishwa kikemikali, ambazo zikishaungwa kwenye nakala haziruhusu herufi nyingine kufuata. Nakala hukomea mahali tofauti tofauti; zikipangwa kwa urefu kwa kuvutwa na umeme ndani ya jeli, mtafiti husoma herufi ya mwisho ya kila moja kuanzia fupi hadi ndefu, na mfuatano mzima hujitokeza. Usahihi wake ni mkubwa, ila kila usomaji huishia kwenye herufi 800 hadi 1,000 hivi. Meyer na wenzake walisoma herufi 803 za DNA ya mitokondria (sehemu za seli zinazozalisha nishati, zenye DNA yao wenyewe) kutoka spishi 14 za ziwa hilo, wakakuta tofauti ndogo kuliko zile zilizopo baina ya wanadamu. Walihitimisha kwamba furu hao wametokana na ukoo mmoja, na kwamba umri wa ukoo huo haufiki miaka 200,000.

Jibu la pili lilikuja mwaka 2003. Vinasaba vilivyosomwa vilikuwa vya mitokondria tena, safari hii kutoka kwa samaki wengi zaidi na maziwa ya jirani, na watafiti wakadai kwamba chimbuko la furu wa Victoria ni Ziwa Kivu, kwamba ukoo ulianza kutawanyika miaka takriban 100,000 iliyopita, na kwamba kwa hiyo baadhi ya matawi yake yalinusurika ukame. Hapo wachunguzi wa mashapo na wachunguzi wa vinasaba walijikuta wakivutana waziwazi. Wa kwanza waliuliza samaki wangenusurika wapi ikiwa hata sehemu za kina kirefu zaidi, ambazo leo hufika mita 80 hivi, zilikuwa nchi kavu. Wa pili walijibu kwamba mito na vidimbwi vya pembezoni havionekani katika mirija michache ya matope, na kwamba hesabu ya tofauti za vinasaba haiwezi kubanwa ndani ya miaka 15,000.

Udhaifu mmoja wa majibu yote mawili haukuwa katika usomaji bali katika kile kilichosomwa. Mitokondria hurithiwa kwa mama peke yake. Samaki chotara, ambaye baba yake alitoka mto mmoja na mama mto mwingine, ataonekana katika mitokondria kana kwamba upande wa baba haukuwahi kuwapo, na vizazi vyake vyote vitaonyesha ukoo mmoja safi. Si kosa la Sanger wala la Meyer. Kwa gharama za wakati huo, kusoma jenomu ya samaki, yaani DNA yake yote, yenye takriban herufi bilioni moja, vipande 800 kwa 800, kulikuwa nje ya uwezo wa maabara ya kawaida ya biolojia.

Teknolojia iliyobadilisha hali ni ile ya kusoma vipande vifupi kwa mamilioni kwa wakati mmoja, ambayo kampuni ya Illumina ndiyo iliyoisambaza zaidi. DNA hukatwakatwa, kila kipande hubandikwa juu ya kioo na kuzidishwa hapo hapo hadi kiwe kishada cha nakala, kisha herufi zenye rangi zinazong'aa huongezwa moja moja na picha kupigwa kila hatua: rangi iliyoonekana kwenye kishada ndiyo herufi iliyoingia. Kwa njia hii jenomu za samaki watano wa jamii hii, akiwamo furu mmoja wa Victoria, zilichapishwa mwaka 2014. Mwaka 2017 Joana Meier, Ole Seehausen na wenzao walilinganisha maelfu ya sehemu zilizotawanyika katika jenomu za samaki wa eneo zima, na hapo likatokea jibu la tatu: furu wa maziwa ya ukanda wa Victoria hawakutokana na ukoo mmoja, bali na uchotara wa koo mbili, mmoja wa upande wa Kongo na mwingine wa Nili ya juu, uliotokea takriban miaka 150,000 iliyopita.

Jibu hili, kwa maoni yangu, ni muhimu kuliko yale mawili, kwa sababu linaeleza kwa nini yalikosana na matope. Tarehe za vinasaba hupatikana kwa kuhesabu herufi zinazotofautiana na kuzigawanya kwa kasi inayokadiriwa ya mabadiliko. Hesabu hiyo hukadiria umri wa tofauti zenyewe, wala si lazima umri wa spishi zinazozibeba. Ikiwa samaki walioingia katika ziwa jipya walikuwa tayari na akiba ya tofauti kutoka koo mbili za kale, spishi zao zinaweza kuwa za miaka 15,000 huku jeni zao zikiwa za miaka 150,000 na zaidi, bila upande wowote kuwa umesema uongo. Tatizo jingine ni kasi yenyewe, ambayo haisomwi na mashine yoyote: huazimwa kutoka kwa visukuku, umri wa maziwa au mpasuko wa mabara, na wanaochagua kipimo tofauti hupata tarehe tofauti kutokana na herufi zilezile.

Pale ambapo usomaji wa vinasaba hauna mpinzani ni katika kuonyesha mageuko yanavyofanya kazi. Katika Ghuba ya Mwanza kuna samaki wawili wanaokaribiana mno: Pundamilia pundamilia, ambaye dume lake lina rangi ya kibluu, na Pundamilia nyererei, aliyepewa jina la Mwalimu Nyerere, ambaye dume lake ni jekundu na huishi chini kidogo, mahali ambapo mwanga unaobaki majini ni wa upande wa wekundu. Mwaka 2008 Seehausen na wenzake walionyesha kwamba jeni ya kipokezi cha mwanga mwekundu katika macho yao hutofautiana kulingana na kina wanachoishi. Kwenye kisiwa cha Makobe, penye maji maang'avu, tofauti ni kali. Luanso, penye maji machafu, haipo, na samaki ni mchanganyiko. Tena jeni hiyo ilikuja katika sura mbili kutoka zile koo mbili za kale. Kwa kumtazama samaki tu, hakuna ambaye angeligundua hilo.

Hata hivyo vipande vifupi vina hasara ambayo wapenzi wa jenomu huipitia haraka. Kipande cha herufi 150 kinachotoka katika sehemu inayojirudia kinaweza kuwekwa mahali pengi, na mara nyingi hupangwa kwa kulinganishwa na jenomu ya rejea, yaani iliyokwisha kusomwa na kupangwa, ya samaki mwingine, kwa hiyo kile ambacho rejea haina huweza kupotea bila mtu kujua. Usomaji wa nyuzi ndefu, kama ule wa kupitisha DNA katika tundu la protini na kupima mtikisiko wa umeme, unapunguza tatizo hili, ingawa katika miaka yake ya mwanzo makosa yalikuwa mengi. Lakini hakuna mashine itakayosoma kwa urahisi furu waliotoweka katika miaka ya 1980, kwa kuwa vielelezo vingi vya zamani vilihifadhiwa kwa formalini, ambayo huifungamanisha na kuiharibu DNA. Mti wa ukoo tunaochorewa leo, kwa sehemu kubwa, ni wa walionusurika.

Mwaka 2023 matope yalizungumza tena. Nare Ngoepe na wenzake walichapisha uchunguzi wa maelfu ya visukuku vya samaki, hasa meno, kutoka mirija ya mashapo ya ziwa hilo, wakaonyesha kwamba furu hawakutangulia makundi mengine ya samaki kuingia katika ziwa lililokuwa likijaa, bali walifika pamoja nayo, na kwamba wao ndio walioweza kuendelea kulitumia ziwa lilipokuwa na kina kirefu. Maelezo ya zamani, kwamba furu walifanikiwa kwa kuwahi nafasi tupu, yalikuwa yameaminiwa kwa muda mrefu, na hakuna idadi ya jenomu ambayo ingeyakanusha, kwani samaki walioingia wakashindwa hawakuacha wazao wa kusomwa. Hata hivyo meno hayo hutambulisha kundi, si spishi, hivyo ni nani alitengana na nani, na kwa mpangilio upi, bado ni kazi ya vinasaba. Tarehe, naona, ziachiwe matope, na kasi ya mabadiliko ya vinasaba ipimwe upya kwa kuzifuata tarehe hizo.