Mkono, mguu na pumzi: tukate somo wapi?

Maji yanapoanza kupwa hapa Bagamoyo, pwani hutuachia eneo pana la maji ya kiunoni, na hapo ndipo tunapowafundishia watoto kuogelea. Walimu tunabishana kila msimu: mtoto aanze na miguu, kisha mikono, kisha pumzi, au aogelee vyote kwa pamoja tangu mwanzo?

Wanaokata somo vipande wana hoja nzito. Mtoto anayeogopa maji hawezi kushika mambo yote hayo kwa mara moja. Mpe dumu tupu alishike, apige miguu tu. Hofu hupungua, na mwalimu huona kosa lilipo: goti linakunjwa mno, au kifundo kimekakamaa.

Lakini subiri dumu liondolewe. Lilikuwa limebeba mikono na kifua. Bila hilo nyonga zinazama, na miguu tuliyoisifu jana inatapatapa. Pumzi ndiyo ngumu zaidi, kwa sababu kichwa hugeuka pamoja na kiwiliwili wakati mkono wa upande huo unatoka majini. Ukimsimamisha mtoto ageuze kichwa peke yake, amejifunza kugeuza shingo tu.

Mwaka 1963 watafiti wa Marekani, Naylor na Briggs, walitoa kipimo ambacho bado kinanisaidia. Tazama stadi ina ugumu gani, kisha tazama sehemu zake zimefungamana kiasi gani. Ikiwa ngumu na kila sehemu inajitegemea, igawe. Sehemu zikishikana, fundisha nzima. Mpiga ngoma analijua hili mikononi mwake, na mji huu unao wengi, maana Chuo cha Sanaa, ambacho leo ni Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo (TaSUBa), kipo hapa tangu 1981. Mkono mmoja ukipiga mara tatu huku wa pili unapiga mara mbili, kila mkono peke yake ni rahisi. Kazi iko pale mikono inapopishana, na ukiitenganisha, hicho unachotaka kufundisha hakipo tena.

Kwa hiyo naona kosa letu ni kukata bila kuangalia mahali pa kukata. Kujirusha majini na kuogelea hufuatana. Hayo yagawe bila wasiwasi. Mkono, mguu na pumzi hutendeka pamoja, na hapo ni bora kurahisisha kuliko kutenganisha. Mtoto ajisukume kutoka kwangu, ateleze, apige mikono mitatu, avute pumzi moja, asimame. Ni kidogo sana, lakini ni kuogelea. Mguu ukiharibika, nautoa nje ya somo kwa dakika tano, kisha naurudisha siku hiyohiyo, kabla mwili haujauzoea ukiwa peke yake.

Dumu sijalitupa. Yupo mtoto anayetetemeka hata maji yakimfika magotini, na huyo nampa bila kubishana na mtu. Ila akishatulia nalichukua mapema, hata akililia.