Watu 33,000, mbunge mmoja

Tarehe 28 Mei 2024, Sol Mamakwa, mbunge wa Kiiwetinoong, alisimama katika bunge la jimbo la Ontario, Kanada, akazungumza kwa lugha aliyonyonya kwa mamake. Wenyewe huiita Anishininiimowin. Wengine huiita Oji-Cree. Wabunge wenzake walivaa visikizi, wakalimani wakashika kazi, na kwenye viti vya wageni walikuwapo wazee waliosafiri kutoka kaskazini kuja kushuhudia. Miezi michache tu kabla ya hapo kanuni za bunge hilo zilitambua Kiingereza na Kifaransa peke yake. Zilibadilishwa kwa sababu yeye alishikilia kwamba zibadilishwe.

Picha inapendeza. Hesabu iliyo nyuma yake ndiyo inayogombanisha watu. Kiiwetinoong lina wakazi wapatao 33,000. Ontario nzima ina watu zaidi ya milioni 14 na wabunge 124, yaani wastani wa watu 115,000 hivi kwa kila kiti. Ukigawanya, kura moja ya Kingfisher Lake, anakotoka Mamakwa, ina uzito wa kura tatu na ushei za kitongoji cha Toronto. Je, hiyo ni haki au ni upendeleo uliovikwa joho la haki?

Kwanza tuone mahali penyewe. Neno Kiiwetinoong lina maana ya kaskazini, na eneobunge hilo lina kilomita za mraba kama 294,000, yaani nusu ya Kenya. Barabara inayopitika mwaka mzima inakomea mji mdogo wa Pickle Lake. Kutoka hapo kwenda juu, vijiji zaidi ya ishirini hufikiwa kwa ndege ndogo, ama msimu wa baridi kali kwa njia inayochongwa juu ya maziwa na mito iliyoganda. Baridi ikichelewa, njia hakuna, na mafuta na mbao za kujengea zinangoja mwaka ujao. Wakazi wengi, karibu theluthi mbili, ni wenyeji asilia. Hadi 2017 walihesabiwa ndani ya Kenora–Rainy River, pamoja na miji ya kusini yenye barabara na watu wengi zaidi. Mwaka huo tume ya mipaka ilipendekeza maeneobunge mawili mapya ya kaskazini ya mbali, bunge likapitisha sheria, na katika uchaguzi wa 2018 Mamakwa akachukua kiti kwa tiketi ya NDP, chama cha mrengo wa kushoto. Amekitetea mara mbili, 2022 na 2025.

Wanaopinga mpango huu hawana hoja nyepesi, na si haki kuwaita wabaguzi. Familia ya wahamiaji iliyobanana kwenye ghorofa Brampton, mji jirani na Toronto, nayo ina shida zake: hospitali zimefurika, kodi za nyumba haziguswi, mabasi hayatoshi. Kwa nini sauti yake ipunjwe kwa kuwa inaishi na majirani wengi? Ukishakubali kwamba jiografia inaweza kuongeza uzito wa kura, kesho atakuja mwanasiasa wa mashambani na ramani yake, keshokutwa mwingine, kila mmoja akidai kwao ni mbali.

Sisi Wakenya wimbo huu tunaujua. Kaulimbiu ya "mtu mmoja, kura moja, shilingi moja", inayovumishwa zaidi na wanasiasa wa Mlima Kenya, ni hoja hiyohiyo ikiwa imetiwa pesa ndani: fedha za umma nazo zifuate idadi ya watu. Ibara ya 89 ya Katiba yetu inaruhusu idadi ya watu wa eneobunge ipishane na wastani kwa asilimia 40 mijini na penye wakazi wachache, na asilimia 30 kwingineko. Kiiwetinoong limeachana na wastani wa Ontario kwa asilimia 70 hivi, kwa hiyo kwa kipimo hicho lisingepita. (Lamu Mashariki pia lisingepita, likiwa na watu wasiofika 25,000 katika sensa ya 2019. Bado lipo, na sijamsikia mtu wa Kizingitini akiomba radhi.)

Watetezi wa kiti cha kaskazini hukimbilia umbali: mbunge atawafikiaje watu? Kwangu mimi hiyo ndiyo hoja yao dhaifu kuliko zote. Umbali unatatuliwa kwa bajeti ya ndege, ofisi mbili tatu na wasaidizi wanaojua lugha. Kama tatizo ni usafiri, lipa usafiri.

Hoja yenye uzito iko kwingine. Mwaka 1991 Mahakama ya Juu ya Kanada iliamua kesi ya mipaka ya Saskatchewan, ambako viti viwili vya kaskazini vilikuwa vimeruhusiwa kupishana na wastani hadi asilimia 50 na vingine vyote asilimia 25. Mahakama ilikubali. Ilisema haki ya kupiga kura inalinda uwakilishi wenye matokeo, na usawa wa hesabu ni sehemu yake tu. Jiografia, historia na masilahi ya jamii navyo vinaingia kwenye mizani. Ndani ya Kenora–Rainy River ya zamani, mgombea angeweza kushinda bila kukanyaga kijiji kimoja cha ndege. Kura za huko zilihesabiwa, kisha zikamezwa. Tena tukumbuke kwamba wenyeji wenye hadhi ya kisheria ya Mhindi, kama sheria ya Kanada inavyowaita, walikuwa wakinyimwa kura ya Ontario hadi 1954 wasipoiacha hadhi hiyo.

Tofauti ya kuwa na mtu wa kwenu mle ndani ilionekana Machi 2021. Mamakwa aliuliza bungeni kuhusu chanjo ya UVIKO kwa wenyeji. Waziri mkuu wa jimbo, Doug Ford, akamrukia kwamba ameruka foleni ili achanjwe. Ukweli ni kwamba viongozi wa jamii walikuwa wamemwomba achanjwe hadharani ili watu wenye hofu, na hofu yao kwa madaktari wa serikali ina historia, waone mtu wao ameanza. Ford aliomba radhi baadaye. Hivi kama kiti hicho kingekaliwa na mtu wa mjini, nani angemweleza hilo?

Ila nisiwapambe watetezi. Ukienda kwenye eneobunge la pili lililozaliwa na sheria ileile, Mushkegowuk–James Bay, utakuta jina la Kikrii, lugha ya wenyeji asilia, mlangoni na wasemaji wa Kifaransa asilimia 60 ndani. Wenyeji asilia ni kama robo. Hapo sababu ya kuwapa watu 30,000 kiti kizima inayumba, au angalau inataka maelezo tofauti na yale yaliyotolewa kwa Kiiwetinoong.

Halafu kuna mipaka ya kiti chenyewe. Kijiji cha Neskantaga, ndani ya Kiiwetinoong, kimeagizwa kuchemsha maji ya bomba tangu Februari 1995. Watu wazima wenye watoto wao hawajawahi kunywa maji ya bomba ya kwao moja kwa moja. Mbunge akilalamika Toronto, anajibiwa kwamba maji ya hifadhi za wenyeji ni kazi ya serikali kuu, aende Ottawa. Amepewa kipaza sauti katika nyumba isiyoshika ufunguo wa ghala.

Pale Ontario inaposhika ufunguo, mambo ni magumu zaidi. Juni 2025 bunge lilipitisha Mswada wa 5, unaoiruhusu serikali kutangaza kanda maalumu za uchumi ambako sheria nyingine zinaweza kuwekwa kando. Eneo la madini la Ring of Fire, lililo kwenye ardhi ya Mkataba wa 9 kati ya wenyeji asilia na serikali, lilitajwa waziwazi kuwa miongoni mwa yanayolengwa. Mamakwa alipinga kwa nguvu zote. Chama cha Ford kilikuwa na viti 80 kati ya 124. Ikapita.

Hapo ndipo machifu wengine wa kaskazini, wanaosema kiti hakichukui nafasi ya mkataba, wanaponishawishi. Mkataba wa 9, wa 1905 na 1906, na nyongeza za 1929 na 1930, ndio pekee kati ya mikataba ya namba, ile ambayo Kanada iliwekeana na wenyeji asilia, ambao jimbo la Ontario lenyewe lilitia saini. Aliyetia saini na wewe ni mwenzako kwenye mkataba. Haongei nawe kupitia kura moja kati ya 124. Hatari ya kiti hiki, na sijaona watetezi wakiikabili, ni serikali kusema: mbona mwakilishi wenu alikuwepo, alizungumza, tena kwa lugha yenu?

Siku ile ya Mei, Mamakwa aliuliza pia swali kwa lugha hiyohiyo: lini Sioux Lookout, mji wa eneobunge lake, itajengewa makao ya kuwatunza wazee, ili wasipelekwe mbali kufia ugenini? Ford aliahidi yatajengwa, na ahadi hiyo imo kwenye kumbukumbu rasmi za bunge. Kiti kimepata ahadi ya vitanda. Kuhusu madini, wanaopaswa kuulizwa ni wenyeji waliotia saini mkataba.