Sampo si beseni la oili

Siku tuliyoshusha sampo ya Land Cruiser yetu, yaani lile karai la bati chini ya injini linalokaa oili, gereji moja pale Uyole, Mbeya, fundi hakusema kitu. Alinikabidhi tu niishike. Kwa nje ilikuwa na bonde la ukubwa wa kiganja, limejaa tope lililokauka. Kwa ndani lile bonde lilikuwa limeinuka kama kichuguu, na juu yake palikuwa na duara linang'aa kama sarafu mpya. Ndipo mdomo wa chujio ambalo pampu inanyonyea oili ulipokuwa umekaa na kusugua. Oili yote ya injini ilikuwa ikinyonywa kupitia mwanya ambao ukucha wangu haukupita.

Jiwe lenyewe tulilikumbuka wote. Ilikuwa kwenye kona za Hamsini na Saba, tunapandisha kutoka Chimala kwenda Matamba kufuata viazi, na mvua zilikuwa zimeichimba barabara vibaya. Tulisikia kishindo, tukashuka, tukalala chini, tukamulika tochi. Hakuna hata tone. Huko juu fundi mmoja akachungulia akatuambia, "Haivuji hiyo bosi, we tembea." Tukatembea. Kuanzia hapo, kila tukikaza mlima taa ya oili inawaka, tukifika tambarare inazima. Tukailaumu swichi ya taa, tukanunua nyingine. Injini ikanoki tukiwa tunapanda Inyala, gari limejaa mzigo. Beringi zilikuwa zimelika hadi shaba inaonekana, na krenki, ile shafti kuu ya injini, ina michirizi ya kushikika kwa kidole.

Tangu hapo nina ugomvi na neno "haivuji". Huku kwetu kuvuja ndicho kipimo pekee cha sampo, na ni kipimo kibovu. Sampo inayovuja inakupa taarifa, utaona doa chini asubuhi. Iliyobonyea haikuambii kitu. Inapunguza nafasi chini ya chujio, na inaharibu hata kipimo cha stiki, ile fimbo ya kupimia oili: nafasi ya oili imepungua, kwa hiyo stiki inasoma imejaa wakati oili yenyewe ni pungufu. Injini ya 1HZ, hii ya lita 4.2 iliyoingia kwenye Land Cruiser mwaka 1990, inabeba oili zaidi ya lita 9, na watu wanadhani wingi huo utawaokoa. Gari likisimama kichwa juu kwenye kona ya Matamba, oili inakimbilia nyuma. Kama chujio limebanwa, pampu haipati cha kunyonya, hata ungekuwa umejaza jana.

Simlaumu mtu kwa kuponda bonde kwa nyundo, mradi sampo imeshushwa, imelazwa juu ya gogo, na bati lake bado ni zima. Ninachokataa ni kuchomelea juu ya kilichochomelewa. Bati la sampo ni jembamba, moto unalipinda, na ukingo wake ukishapinda hautakaa sawa kwenye bloku ya injini hata ukaze boliti mpaka zikatike. Tena kutu ya wilaya zetu si ya kawaida. Tope la Rungwe linaganda chini ya gari na kushika unyevu miezi mingi ya mwaka. Ndugu zangu wenye Land Rover mnajisahau sana: bodi yenu ni ya alumini, mnaringia kwamba haiozi, lakini sampo nyingi ni za chuma. Osheni chini pia.

Ikifika hapo, badilisha. Na hapa ndipo watu wengi wanapopoteza hela. Injini ya 1HZ imefungwa kwenye Land Cruiser na pia kwenye Coaster, hivyo muuza spea atakuambia kwa moyo safi kwamba sampo ni ileile. Siyo. Coaster ya kawaida haina difu mbele. Sampo ya Land Cruiser imetengenezwa ipishane na ekseli ya mbele inapopanda na kushuka, na bomba la chujio linafuata umbo hilo. Ukinunua ya mtumba, uliza imetoka kwenye gari gani, nenda na ya zamani mkononi uzilinganishe kina na mkao wa matundu. Ikiwezekana chukua na bomba lake la chujio. Mimi siku hizi sinunui kabla sijatia mkono ndani na kupapasa chini yote.

Kabla ya kuifunga, ipime. Mzee mmoja wa gereji alinionyesha njia ambayo sijaona nyingine inayoishinda kwa bei: sugua chaki nje ya sampo yote mpaka iwe nyeupe, mimina mafuta ya taa ndani, iache usiku kucha. Mafuta ya taa yanapita mahali ambapo oili haipiti. Asubuhi, penye ufa utaona mstari mweusi kwenye chaki, mwembamba kama unywele. Tuliona mmoja karibu na tundu la nati ya kumwagia, kwenye sampo ambayo muuzaji aliapa ni nzima. Tukairudisha.

Silikoni ya kuzibia ukingo wa sampo nayo, tafadhali, kidogo. Mkanda mwembamba unaopita upande wa ndani wa matundu ya boliti unatosha. Mafundi wanaipaka kama siagi, inayozidi inafinywa kuingia ndani, inakatika vipande, na vipande hivyo vinakwenda kuziba lile lile chujio tulilokuwa tunalihangaikia. Halafu ipe muda ikauke. Najua abiria wanasubiri, najua viazi vinaoza. Ya kwetu ililala gereji usiku mzima bila oili, na kesho yake mchana ndipo tukajaza na kuiwasha. Taa ya oili ilizima mara moja, na tulipopanda tena Hamsini na Saba haikuwaka hata kwenye kona ya mwisho.