Rengifainda Inapokosa Shabaha: Tatizo ni Kamera au Lenzi?

Anayeanza kupiga picha za harusi kwa kamera ya rengifainda, yaani ile inayolengwa kwa kulinganisha taswira mbili kwenye kioo cha kutazamia, hapa Nairobi hukutana mapema na fadhaa moja. Amezileta taswira hizo mbili zikawa moja kabisa, lakini filamu ikisafishwa, macho ya bibi harusi yamefifia huku hereni zikionekana wazi. Fundi atakayemwendea atataka kuifungua kamera. Mzoefu atamwambia asiiguse, kwani baadhi ya lenzi ndivyo zilivyo.

Fundi ana hoja nzito. Kamera hii hailengi kupitia lenzi. Lenzi inapozungushwa, ukingo wake wa nyuma husukuma kigurudumu kilichomo ndani ya kamera, nacho husogeza ile taswira ya pili. Kamera ikianguka mara moja tu, kigurudumu hicho huweza kuhama kiasi kisichoonekana kwa jicho, na lenzi ya milimita 50 ambayo tundu lake la kupitisha mwanga limefunguliwa hadi f/1.5 (namba ikiwa ndogo, tundu ni pana) haisamehe: kwa umbali wa mita moja, eneo lililo wazi lina kina cha takriban sentimita 3.5. Isitoshe, vipimo vyenyewe havikuwa vya aina moja. Kamera za Leica zilijengwa juu ya urefu wa fokasi wa lenzi wa milimita 51.6, ilhali lenzi za Kisovieti za Jupiter zilifuata kipimo cha kamera za Contax cha milimita 52.4, kwa hiyo Jupiter iliyofungwa kwenye Leica hulenga sawasawa mbali na kukosea karibu.

Hata hivyo, naona mafundi wengi huharakisha bisibisi. Nilitandaza gazeti la Taifa Leo mezani, nikaiweka kamera kwa mshazari, nikalenga mstari mmoja wa habari kwa lenzi yangu kuukuu ya muundo wa Sonnar. Kwa f/1.5, maandishi yaliyosomeka vizuri yalikuwa mbele ya mstari huo, kwa f/2.8 yalirudi hasa pale nilipolenga. Kamera haikuwa imeguswa. Lenzi za muundo huo, aliouasisi mbunifu wa lenzi Ludwig Bertele, zinajulikana kwa tabia hiyo: miale ipitayo pembezoni mwa kioo haikutani mahali pamoja na ile ya katikati, hivyo tundu linapobanwa, mahali pa ukali husogea nyuma. Fundi akiirekebisha kamera iridhishe f/1.5 ya lenzi hiyo, atakuwa ameziharibia lenzi nyingine zote shabaha yake.

Wapo wanaosema mjadala huu umepitwa na wakati, kwa kuwa kamera za dijitali kama Leica M ya 2012 huonyesha kwenye skrini taswira ya sensa yenyewe, yaani kipande kinachonasa picha badala ya filamu. Kwa picha ya mtu aliyetulia nakubaliana nao. Kwa Moi Avenue saa kumi na mbili jioni, abiria wakigombania matatu, sikubali. Na ni sensa hizohizo, zikikuzwa kwenye kompyuta, zilizofichua makosa ambayo picha ndogo za karatasi ziliyasitiri kwa miaka.

Kwa hiyo naegemea upande wa mzoefu, kwa sharti moja. Lenzi tatu tofauti zikikosea kuelekea upande uleule, mshukiwa ni kamera na fundi aitwe. Ikikosea moja tu, irekebishwe hiyo. Vyovyote vile, apelekewe kamera pamoja na lenzi zote, na zile picha za gazeti zikiwa zimeandikwa tundu lililotumika.