Mtume na chenji ya aliyemtuma

Ukiingia Mwanza kwa upande wa Igoma au Buhongwa, mabango ya mikutano ya injili yanakupa habari kabla hujamsikia mhubiri. Zamani mgeni aliyealikwa aliandikwa Mchungaji au Mwinjilisti. Siku hizi ni Mtume, ni Nabii, na mara nyingine vyote viwili kwa mpigo. Wapo wanaouona humo uamsho, wapo wanaoona biashara, na mabishano yote huishia kwenye swali moja: mitume bado wapo? Swali hilo, kwa maoni yangu, linaulizwa vibaya.

Neno lenyewe linasaidia. Mtume ni aliyetumwa, na Kigiriki cha Agano Jipya kinasema hivyo hivyo. Mtoto akitumwa dukani ana aliyemtuma, ana alichoagizwa, na anatarajiwa kurudi na chenji. (Kwa jirani Mwislamu, "Mtume" bila jina ni Muhammad peke yake. Mhubiri anayejitangaza hivyo kwa kipaza sauti katikati ya Kirumba asishangae neno hilo likipokewa kwa uzito ambao hakuutarajia.)

Wanaosema utume ulikwisha wana hoja nzito kuliko wapinzani wao wanavyokiri. Nafasi ya Yuda ilipojazwa, Matendo 1:21-22 iliweka sharti: awe alifuatana na Yesu tangu ubatizo wa Yohana, na awe shahidi wa kufufuka kwake. Paulo mwenyewe, katika 1 Wakorintho 15:8, anajihesabu kuwa wa mwisho kutokewa. Waefeso 2:20 inawaita mitume na manabii msingi, na nyumba ikishafika kwenye kupaua hakuna fundi anayerudi kumwaga msingi. Msimamo huu utausikia zaidi katika makanisa yenye mapokeo kama ya AIC (Africa Inland Church), ambayo mizizi yake ni kituo cha misheni cha Nassa kilichopokelewa na Africa Inland Mission kutoka kwa CMS, wamisionari wa Kianglikana, mwaka 1909. Wakatoliki, waliofungua misheni ya Bukumbi mwaka 1883, wana jibu lao: wale kumi na wawili hawarudiwi tena, lakini mamlaka yao hupita kwa maaskofu kwa kuwekewa mikono.

Hoja hiyo inapwaya mahali pamoja. Agano Jipya linawaita mitume watu wengine ambao hawakutimiza sharti la Matendo 1. Barnaba yumo katika Matendo 14:14. Epafrodito, aliyempelekea Paulo msaada gerezani, ni mtume wa Wafilipi. Hata ndugu waliotumwa kusimamia mchango, katika 2 Wakorintho 8:23, wanaitwa mitume wa makanisa. Kwa hiyo kuna mlango uliofungwa, wa mashahidi wa ufufuo, na mlango mwingine ambao hakuna mstari unaosema umefungwa: wa mtu anayetumwa na kanisa.

Wanaotetea utume wa leo wanapita mlango huo wa pili, ila mara nyingi wakidai heshima ya ule wa kwanza. Andiko lao ni Waefeso 4:11-13: huduma tano (mitume, manabii, wainjilisti, wachungaji na walimu) zimetolewa mpaka sote tuufikie umoja wa imani. Umoja huo haujafika, na idadi ya makanisa kwenye mtaa mmoja wa Mwanza inatosha kuwa ushahidi.

Hoja yao yenye nguvu zaidi, hata hivyo, iko ziwani. Kambi za wavuvi za Ukerewe, Ukara, Kome na Maisome hazitunziki kwa utaratibu wa usharika wa mjini wenye daftari la washirika, kwa sababu watu wanahama kufuata samaki. Aliyebatizwa kwenye mwalo mmoja, yaani ufukwe wanaposhushia samaki, miezi michache baadaye yuko kisiwa kingine. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikijaa taa hazivuti, mitumbwi inapumzika na nyavu zinashonwa. Basi mhubiri anayelijua ziwa hupanga mkutano siku za mbalamwezi. Asiyelijua anafika wakati wa giza, anawakuta watoto na wanawake walioinamia dagaa kwenye vichanja, wanaume wamelala baada ya kukesha majini, kisha anarudi mjini kutangaza kwamba kambi ile ina mioyo migumu.

Kuhubiri ndiyo sehemu rahisi. Kabla yake kuna ruhusa ya serikali ya kijiji na uongozi wa mwalo. Baada yake kuna kuchagua wazee, na hapo ndipo kazi nyingi hufia. Wazee wote wakitoka kwa tajiri mmoja wa mitumbwi, siku akihamisha mitumbwi yake kanisa linaondoka nayo. Salama ni kuwachanganya: mwenye duka, mwenye shamba, mama anayenunua dagaa hapo mwaka mzima, na mvuvi mmoja au wawili. Anayeingia mahali pasipo na msingi, akakaa mpaka wazee wasimame, kisha akaenda mbele, anafanya ile kazi ambayo Paulo anaieleza katika Warumi 15:20. Kumnyima jina la mtume kwa maana hiyo ya pili ni ubishi wa maneno tu.

Lakini kazi hiyo haijawahi kuhitaji cheo. Moses Kulola, mwanzilishi wa kanisa la Kipentekoste la EAGT, aliyezikwa Mwanza mwaka 2013, alijulikana kama Askofu na mwinjilisti, na hakuna aliyelalamika kwamba makanisa yake hayasimami kwa kukosa neno Mtume kwenye bango.

Historia ina maonyo mawili ambayo hayatajwi sana huku. Jijini London, mwaka 1835, kundi lililokuja kuitwa Catholic Apostolic Church lilikamilisha mitume kumi na wawili, likaweka kanuni kwamba wao pekee ndio wanaoweka wakfu watumishi. Mtume wa mwisho alifariki mwaka 1901. Tangu hapo hakuna aliyewekewa mikono tena. Walibaki kuhesabu waliobaki hai, na padri wa mwisho akafa mwaka 1971. New Apostolic Church, lililochipuka kutoka kundi hilo huko Hamburg mwaka 1863, liliendelea kuteua mitume. Mwaka 1951 Mtume Mkuu wake, J. G. Bischoff, alitangaza kwamba Kristo angerudi yeye akiwa bado hai. Alifariki mwaka 1960. Kosa la kwanza ni mamlaka isiyoweza kupita kwa mwingine. La pili ni neno la mtu mmoja ambalo hakuna aliye na ruhusa ya kulipima. Wapentekoste wenyewe waliliona: mwaka 1949 Assemblies of God ya Marekani ilikataa fundisho kwamba kanisa linajengwa juu ya mitume na manabii wa leo, wala haikuacha kunena kwa lugha.

Hapo karama na cheo vinatengana, na ni vizuri vitengane. Orodha ya 1 Wakorintho 12:8-10 ina karama tisa. Mstari wa 28 unaongeza masaidiano na maongozi, ambazo sijapata kuziona kwenye bango lolote, ingawa mahesabu ya makanisa mengi yangezifurahia. Sura ya 14 inatoa utaratibu ambao mtu anaweza kuukagua akiwa amekaa kwenye benchi: wanaonena kwa lugha ni wawili, wasizidi watatu, kwa zamu, na awepo wa kufasiri, asipokuwepo, wanyamaze. Manabii wawili au watatu wanene, wengine wapambanue. Ibada ambayo nabii ni mmoja na wa kupambanua hayupo imeshakiuka andiko inalolisimamia, hata kama alichosema ni kweli.

Kanda ya Ziwa inaongeza hatari yake. Unabii unaomtaja jirani kuwa ndiye "anayekufunga" ni ramli iliyovaa suti. Huku wanawake wazee wameuawa kwa tuhuma za uchawi, wengine kwa sababu ya macho mekundu yaliyotokana na moshi wa kupikia miaka yote. Sheria ya Uchawi, Sura ya 18, inakataza kumtaja mtu kuwa mchawi, na ufunuo si kinga mahakamani. Nabii anayeona kitu aombe bila jina, au anyamaze.

Kuponya nako kuna kipimo. Yesu aliwatuma wakoma kumi wakajionyeshe kwa makuhani, waliokuwa na kazi ya kuthibitisha ugonjwa huo. Anayeamini amepona aende hospitali ya Bugando au kituo alichoandikishwa, akapimwe huku akiendelea na dawa. Virusi vya Ukimwi visipoonekana kwenye kipimo cha wingi wake, mara nyingi ni ARV zinafanya kazi, ukiziacha vinarudi. Dozi ya kawaida ya kifua kikuu ni miezi sita, na ikikatwa njiani kwa sababu kikohozi kimetulia, vimelea vinaweza kuwa sugu. Mhubiri anayesema "tupa dawa" hatakuwepo hayo yakitokea, kwani mkutano wake ni wa siku tano. Na umati nao ni jambo la kupigiwa hesabu kabla ya upako: Februari 2020 mjini Moshi watu 20 walikufa kwa kukanyagana wakikimbilia mafuta ya upako. Milango mingi, njia pana na kuwaita watu kwa mafungu hakupunguzi nguvu za Mungu.

Inabaki fedha. Didake, mwongozo wa kanisa la kale, unasema mtume anayepita apokewe kama Bwana, akae siku moja, au mbili ikibidi. Akikaa tatu ni nabii wa uongo. Anapoondoka apewe mkate wa njiani tu. Akiomba fedha, ni wa uongo. Ni kali mno kwa kambi ya kisiwani inayohitaji mtu wa kukaa miezi, na Paulo mwenyewe alitetea haki ya mhubiri kula kwa kazi yake. Ila waliouandika hawakuogopa kuwapima watu waliowaita mitume. Paulo na Barnaba nao, katika Matendo 14:26-27, walirudi Antiokia walikotumwa wakatoa taarifa ya safari nzima. Baadaye, huko huko, Paulo alimkemea Petro mbele ya wote.

Kamati inayofikiria kumwalika mtume basi na iombe kwanza barua ya kanisa linaloweza kumwita arudi. "Kifuniko" cha baba wa kiroho aliye nchi nyingine, anayeonekana mara moja kwa mwaka, hakitoshi. Ya pili ni hati ya kiwanja: ikiwa kwa jina lake badala ya bodi ya wadhamini iliyosajiliwa RITA, wakala wa serikali wa usajili, siku akifa washirika watakutana na warithi, na warithi watakuwa na haki. Ya tatu ni sadaka. Ihesabiwe na wawili au zaidi, isainiwe, ipelekwe benki. Na ya simu iingie lipa namba ya kanisa. Kabla hujathibitisha kutuma, simu inakuonyesha jina la mpokeaji. Likitokea jina la mtumishi mwenyewe, sitisha kwanza, uwaulize wazee.